Mama anayenyonyesha hatasema mpaka bosi aulize

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama muda wa kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Wapo wasioutumia. Si kwamba hawaujui. Wanaogopa kuitwa wavivu, hasa kikao kinapopangwa jioni na anayeaga anatazamwa kwa jicho la pembeni.

Kiongozi mwenye busara hangoji kuombwa. Mama anaporudi kutoka likizo ya uzazi, wanapanga muda huo pamoja, kisha bosi mwenyewe anawaeleza wenzake. Vikao navyo avihamishie asubuhi, na aanze kuwauliza wadogo. Mhudumu wa mapokezi akizungumza baada ya meneja, atasema nini zaidi ya "nakubaliana"?