Mji, Mji Mdogo na Barabara Kuu: Tatizo la Vidahizo vya Mahali katika Marejeo ya Mtandaoni ya Kiswahili

Anayetafuta habari za Mbezi katika marejeo ya mtandaoni hukabiliwa na swali ambalo makondakta wa daladala wa Dar es Salaam walikwisha kulijibu zamani. Mbezi Luis iko kando ya Barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo. Wazungumzaji hawakuhitaji mabano wala namba: waliongeza neno moja, likatosha. Makala haya yanachunguza upangaji wa vidahizo vya miji na barabara za Tanzania, na yanadai kwamba kasoro zake nyingi ni za kiisimu kabla ya kuwa za kiteknolojia.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huweka jina la eneo kubwa katika mabano, kwa mfano Majengo (Moshi), ili kata hiyo isichanganywe na Majengo ya Dodoma. Utaratibu huu unafaa mradi eneo kubwa lisibadilike. Tunduma ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Makambako nayo ilihesabiwa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Kidahizo kinachobeba jina la mkoa huzeeka pamoja na mipaka yake, na mwanafunzi anayekinukuu hurithi kosa bila kujua.

Istilahi za hadhi zina mtego mwingine. “Mji mdogo” katika matumizi ya kawaida ni kirai ambacho kivumishi chake hupokea kielezi: mji mdogo sana. Katika utawala, mji mdogo ni mamlaka iliyo chini ya halmashauri ya wilaya, na hapo “sana” haikubaliki. Kwa hiyo ni istilahi moja, si nomino na sifa yake. Mhariri anayeandika kwamba mahali fulani ni “mji mdogo” bila kuonyesha maana ipi ameandika sentensi mbili kwa wakati mmoja. Hali ni hiyohiyo kwa “barabara kuu”: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 huitenga na barabara ya mkoa, ilhali mazungumzoni lami yoyote pana huitwa hivyo.

Majina ya barabara ndiyo yenye mvuto zaidi kwa mwanaisimu. Katika “Barabara ya Morogoro”, a-unganifu haionyeshi umiliki wala mahali barabara ilipo, huonyesha inakoelekea. Jina hilo basi lina kitovu, nacho ni Dar es Salaam. Kwa aliyesimama Morogoro, lami ileile ni njia ya Dar es Salaam, na akigeukia upande wa pili ni njia ya Iringa. Msemaji hapotei, kwa kuwa muktadha upo. Ukurasa wa marejeo hauna mahali unaposimama, na jina la uelekeo likiwekwa juu yake huwa nusu ya taarifa.

Namba huonekana kuwa dawa: T1 hutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, popote msomaji alipo. Hata hivyo, namba nazo hubadilishwa. Nchini Kenya, barabara ya Nairobi kwenda Nakuru iliyojulikana kama A104 sasa ni A8. Lililo bora ni kidahizo chenye ncha mbili, Barabara ya Dar es Salaam–Tunduma, huku namba ikiwa taarifa ndani ya makala na majina ya mazoea, likiwamo la Morogoro, yakimwelekeza msomaji huko. Kidahizo hicho ni kirefu, na wahariri wengine watakiona kizito. Uzito huo unavumilika.

Chalinze inaonyesha faida yake. Makala inayoanza kwa mkoa na idadi ya kata humweleza msomaji mambo ya kweli, lakini humficha sababu ya wengi kuijua: hapo ndipo njia ya Segera, Moshi na Arusha inapoachana na ile ya Morogoro.