Tulipohamia Mwanza, Jumamosi Zikawa Zetu

Mwanamume akihama kumfuata mke kazini, maneno hayakosi. Mke wangu alipopata barua ya uhamisho kwenda Mwanza nami nikatangaza kwamba tunakwenda wote, mashemeji zangu walicheka kwa adabu, na marafiki wa kijiweni wakacheka bila adabu. Kazi yangu ni ya kuandika, naweza kuifanya popote penye umeme na intaneti, kwa hiyo cha kunizuia Dar es Salaam kilikuwa hofu ya kusemwa tu. Watoto wako vyuoni. Tukapakia vyombo kwenye lori, wenyewe tukapanda basi, zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, mpaka tukaanza kuona mawe.

Mawe ya Mwanza hayahitaji kutafutwa. Wanaiita Jiji la Miamba, na ukifika unaelewa: majabali yamepandana kama vile kuna mtu aliyapanga kisha akaghairi, na katikati yake kuna nyumba. Kule Mabatini na Igogo mtu amejenga jiko lake likiegemea mwamba mkubwa kuliko nyumba yenyewe, na juu ya mwamba kaanika nguo. Hata hivyo, si mawe yaliyotushangaza miezi ile ya mwanzo. Kilichotushangaza ni Jumamosi.

Wakazi wa Dar watanielewa. Kule Jumamosi ni ya ukoo. Asubuhi kuna kikao cha harusi ya mtoto wa binamu, mchana msiba Mbagala, jioni sendofu Tegeta, na katikati ya hayo kuna foleni. Jumapili ni ibada, kisha wageni. Mimi na mke wangu tumeishi hivyo miaka mingi, tukitoka pamoja kila wiki bila kutoka wawili hata mara moja. Mwanza hatukuwa na shangazi wala binamu, wala mtu wa kutudai mchango. Jumamosi ya kwanza tulikaa sebuleni tukitazamana. Mwishowe mke wangu akauliza, "Sasa, baba watoto, watu wasio na ndugu huwa wanafanya nini?"

Hutembea. Tena hata siku za kazi, kwa sababu moja ambayo haikunijia akilini kabla sijahama. Saa ya Tanzania ni moja nchi nzima, lakini jua lina ratiba yake. Mwanza iko magharibi mwa Dar kwa zaidi ya digrii sita za longitudo, na kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua huku linachelewa kuzama kwa kama dakika 25. Ongeza na kwamba kutoka ofisini kwa mke wangu hadi nyumbani si safari ya kufuturia njiani, utaona mfanyakazi amepewa jioni nzima ambayo hakuwa nayo. Tena Dar jua huchomoza baharini wakati watu wanagombania daladala. Mwanza linazama upande wa ziwa, saa ambayo hata mwenye bosi mkali ameshaachiwa.

Jioni hizo tulizimaliza nyingi tukitazama Jiwe la Bismarck, lile linaloonekana kwenye kila kalenda. Liko majini hatua chache kutoka ufukweni, karibu na kituo cha vivuko vya Kamanga, na limesimama kwa namna inayokufanya usogee nyuma kidogo. Jina la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, lilibandikwa enzi za Wajerumani na hakuna aliyejisumbua kulibandua. Mke wangu hakulitazama sana. Yeye alitazama wanaoshuka kwenye kivuko: pikipiki, matenga ya kuku, mama aliyebeba godoro jipya kichwani. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwenzangu hapendi mandhari, anapenda watu, na mimi ni kinyume chake. Dar tulikuwa hatujawahi kupata nafasi ya kulijua hilo.

Kisiwa cha Saanane kilimpendeza zaidi kuliko nilivyotarajia. Ni dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point. Kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, na 2013 kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, pamoja na maji yake. Swala pala wapo, tumbili wapo, na juu ya mawe pimbi wanaota jua pamoja na mijusi yenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu. Jina ni la mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla ya kisiwa kuchukuliwa na serikali, Mzee Saanane Chawandi. Mke wangu alitaka kujua habari za mzee huyo kuliko za swala, na mwongozaji akalazimika kuacha hotuba yake ya kawaida.

Kuogelea hatukuogelea. Kwa mtu wa pwani inauma kuona maji yote yale na kubaki na viatu, lakini kichocho si hadithi ya kutishia watoto. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa kwenye maji ya kandokando na huingia mwilini kupitia ngozi, bila kidonda. Wenyeji wanaooga humo wanajua pia kwenda kituo cha afya kupima na kumeza dawa. Sisi tuliishia kunawa miguu, mke wangu akaonja maji kwa ncha ya ulimi na kusema kwa huzuni, "Hayana chumvi hata kidogo."

Sasa nije Mwaloni, maana ndiko mji ulikotufungulia mlango. Soko la samaki la Kirumba, ambalo kila mtu analiita Mwaloni, unalinusa kabla hujaliona. Kuna sangara waliotiwa chumvi na kukaushwa, wale wanaoitwa kayabo, wanaofungwa kwenye marobota kwenda Kongo. Kuna sato waliobanikwa wakapinda mkia. Na kuna dagaa, magunia kwa magunia, wenye rangi ya fedha. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mitumbwi ikiwasha taa ili wavutwe na mwanga, na thamani yao inategemea walivyoanikwa. Waliotandazwa mchangani huja na mchanga wao. Waliokaushwa juu ya chanja hubaki safi na hung'aa. Muuzaji atakuapia kwamba wake wote ni wa chanja. Dawa ni kumtafuna mmoja palepale: ukisikia kitu kinasaga kwenye meno, endelea na safari.

Mke wangu alimtafuna, akatulia, akamtafuna wa pili. Mama mwenye gunia akamuuliza kwao wapi. Akajibu Kisarawe, Mzaramo. Ilikuwa kama amewasha redio.

"Mzaramo na dagaa wapi na wapi? Ninyi si watu wa kucheza mwali wiki nzima, shamba linaota majani?"

"Na ninyi ng'ombe wote wale, bado mnatafuna viazi vikavu!"

Viazi vikavu ni michembe, chakula ambacho Msukuma hataki kisemwe vibaya na mtu yeyote isipokuwa mtani wake. Utani wa Wazaramo na watu wa huku ni wa zamani, tangu safari za misafara ya bara na pwani, na una haki zake: mtani anaweza kukutukana mbele za watu, na huruhusiwi kununa. Wanawake wa meza za jirani wakaacha kazi wakaja kusikiliza. Tulipoondoka, sado yetu ya dagaa ilikuwa na nyongeza ya karibu nusu sado nyingine, na mke wangu alikuwa na namba za simu za watu ambao mimi sikuwaona hata wakijitambulisha. Dagaa wale aliwapika kwa nazi iliyosafiri kutoka pwani, kwa bei ya kutoka pwani. Nilikula nikanyamaza. Wenyeji tuliowaalika walisema ni watamu, kisha wakauliza kama kuna ndimu.

Wao ndio waliotuambia twende Bujora, huko Kisesa, kwenye barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa miaka ya 1950 na padri Mkanada wa shirika la White Fathers, David Clement, aliyejenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma na kuleta ngoma ndani ya ibada wakati ambapo mapadri wengi wangezifukuza. Kuna chumba cha ngoma za watemi ambacho mtu huingia akapunguza sauti mwenyewe. Lakini kilichotukamata ni habari ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma. Waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walishindana dawa ya nani ina nguvu, na ushindi ukapimwa kwa njia ya ajabu: vikundi vyao vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Ukivutiwa unahama upande, mwenye kikundi anakuona ukihama. Kuna wanaocheza na nungunungu, kuna wanaocheza na chatu shingoni, yote ili umati usogee. Ni Simba na Yanga iliyoanza kabla ya mpira kufika, na bado inaendelea, hasa kwenye sherehe za Bulabo kila Juni. Mke wangu alijitangaza Mgalu papo hapo. Mimi nikawa Mgika, kwa ubishi tu.

Baadaye mama mzazi wa jirani yetu akafariki. Tulikwenda kama majirani, na mke wangu akaingizwa kama mtani. Wakati wa chakula alikaa juu ya kifuniko cha sufuria kubwa kuliko zote na kutangaza kwamba marehemu alikuwa na deni lake, hakuna atakayekula mpaka lilipwe. Mtoto wa marehemu, mwanamume mzima aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akatoa noti. Tangu siku ile tuna watu. Maana yake pia tuna kadi za michango, na makundi mawili ya WhatsApp ya harusi za watoto ambao sura zao bado nazichanganya. Sishtaki. Ila nilipoona Jumamosi zimeanza kupungua, nilisema twende Ukerewe kabla hazijaisha.

Hapo pana jambo. Mke wangu anaogopa meli, na hofu yake si ya kuchekwa. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, ikaua mamia ya watu, na makaburi ya Igoma tulishakwenda kuyaona. MV Nyerere nayo ilipinduka 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, jirani kabisa na tulikokuwa tunakwenda. Nilimpa njia ya nchi kavu, kupitia Bunda na kivuko kifupi cha Kisorya. Akakataa: kama ni kwenda, twende kama wanavyokwenda wenye ziwa. Alipopanda alihesabu majaketi okozi kwanza, kisha akahesabu abiria, kisha akaketi karibu na mlango.

Ni mwendo wa saa tatu hivi hadi Nansio, na nilibeba kitabu. Aniceti Kitereza alizaliwa kisiwani humo 1896, na riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe 1945. Ikakosa mchapishaji kwa miongo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka Dar es Salaam 1980, naye akafariki 1981. Kisa kinaanza na mume na mke wasiopata mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke mpaka wazazi wake wanamchukua, na Myombekere, badala ya kuoa mwingine kama anavyoshauriwa, anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Nilimsomea mke wangu kurasa kadhaa kwa sauti, ili asahau maji. Alisikiliza, akasema, "Kumbe hukuwa wa kwanza kumfuata mke."

Nansio tulizunguka kwa baiskeli za abiria, na kwa vile Ukerewe ina machungwa, mke wangu akanunua gunia zima. Nilimuuliza la nini, nyumba ya watu wawili. Hakujibu. Wakati wa kurudi alilifungua gunia melini, akawagawia waliokaa kushoto, halafu wa kulia, halafu mbele, akiwauliza makabila yao mmojammoja akitafuta watani. Tuliposhuka Mwanza gunia lilikuwa nusu, na alikuwa hajakumbuka kuhesabu majaketi.