NGUVU ZA VIJANA ZATAKA KIWANJA

Kijana aliyetimiza miaka 13 si mtoto tena, wala hajawa mtu mzima. Nguvu zake zaongezeka kila mwezi, na moyo wake wataka kujua jambo moja: je, yeye ni hodari kama wenzake? Swali hilo hapana budi ataliuliza. Akipewa kiwanja, kamba na mwamuzi wa haki, atapata jibu lake kabla ya jua kuchwa, naye atarudi nyumbani amechoka na kuridhika. Asipopewa, atalitafuta jibu penginepo: katika magomvi ya sokoni, katika kudandia malori, au katika pombe.

Wazee wa zamani walilijua sana jambo hili. Wavulana waliochunga mifugo walishindana kwa mieleka, kwa kuruka na kwa kurusha fimbo, na walinzi wa michezo hiyo walikuwa vijana waliowatangulia kwa umri. Siku hizi watoto wengi hushinda shuleni, na jioni hukaa ndani. Mchezo wa nje hauji wenyewe kama zamani. Wataka mtu wa kuupanga.

MEDALI BADALA YA SIMBA

Mfano mmoja mkubwa umeonekana katika Kaunti ya Kajiado, chini ya mlima Kilimanjaro. Kwa Wamaasai, kumwua simba kwa mkuki kulikuwa ni alama ya ushujaa wa moran. Simba walipokuwa wengi desturi hiyo haikuleta wasiwasi, lakini simba walipopungua mno ilionekana kwamba wangeweza kutoweka kabisa katika nchi ile. Mwaka 2008 wazee wenyewe, wale waitwao menye layiok, yaani baba walezi wa rika la moran, walitaka wasaidiwe kuiondoa desturi ya kuua simba katika malezi ya vijana wao.

Lakini wazee hao walikuwa na busara. Hawakudhani kwamba kijana aweza kunyang'anywa mkuki wake akabaki mikono mitupu. Basi katika Desemba 2012 yakafanyika mashindano ya kwanza yaitwayo Olimpiki ya Wamaasai, nayo yamefanyika mara kadhaa tangu wakati huo. Moran wa manyatta mbalimbali hushindana mbio za mita 200, 800 na 5,000. Hushindana pia kurusha mkuki mbali na kutupa rungu kwa shabaha. Katika kuruka juu hawaruki kupita mti uliolazwa kama ifanywavyo shuleni. Huruka wima, kwa namna ya ngoma yao, na kugusa kwa kichwa kamba iliyotandazwa juu. Wasichana nao wana mbio zao. David Rudisha, Mmaasai aliyeshinda mbio za mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzikimbia kabla yake, ameyaunga mkono mashindano hayo.

Yafaa kutazama kwa makini jinsi jambo hili lilivyotengenezwa. Vijana hawakuambiwa kwamba ushujaa ni kitu kibaya. Mkuki ulibaki, rungu likabaki, kuruka kukabaki, na sifa mbele ya wasichana na wazee ikabaki. Kilichobadilishwa ni shabaha tu. Kila kijiji chenye vijana wasio na la kufanya chaweza kujifunza hapo.

AFYA NA WASICHANA

Shirika la Afya la Ulimwengu hushauri kwamba kila mtoto na kijana wa miaka 5 mpaka 17 autumie mwili wake kwa nguvu kwa muda wa dakika 60 kila siku, kwa wastani. Katika hesabu ya nchi nyingi iliyohusu mwaka 2016, ilionekana kwamba katika kila vijana 100 wa shule wa miaka 11 mpaka 17, wapatao 81 hawakufikia kipimo hicho. Wasichana walikuwa nyuma ya wavulana.

Mzazi wa shamba aweza kusema kwamba binti yake hana haja ya michezo, kwa kuwa huchota maji na kukata kuni. Ni kweli kwamba kazi hiyo hutia mwili nguvu. Lakini kazi ya nyumbani haimfundishi kushindana, wala kuongoza wenzake, wala kucheka pamoja nao. Tena mara nyingi ndugu yake wa kiume huwa kiwanjani saa ile ile ambayo yeye yuko kisimani. Kama kuna Jumamosi moja ya michezo kijijini, basi kazi za asubuhi zigawanywe sawasawa, ili wote wafike kiwanjani pamoja.

MICHEZO MINNE ISIYO NA GHARAMA

Kuvuta kamba. Mchezo huu ulikuwa katika michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1900 mpaka 1920. Kila upande una watu wanane. Kamba hutiwa alama ya rangi katikati, na alama nyingine mita 4 kutoka hapo kila upande. Chini huchorwa mstari mmoja. Upande utakaowavuta wenzao mpaka alama yao ya mita 4 ipite mstari umeshinda, na mshindi wa mchezo ni yule ashindaye mara mbili katika tatu. Vikosi vyapaswa kulingana kwa uzito wa jumla, si kwa idadi ya watu tu. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi yafaa sana kwa kazi hii. Vijana watagundua upesi kwamba kikosi cha watu wembamba wanaovuta kwa pamoja, kwa kufuata sauti ya mmoja wao, huwashinda majitu yanayovuta kila mtu kwa wakati wake.

Kati. Wasichana wa Kenya waujua mchezo huu, na huko Tanzania huitwa rede au nage. Wachezaji wawili husimama mbalimbali, kadiri ya hatua 15, na kurushiana mpira wa matambara. Aliye katikati hukwepa asipigwe. Katikati huwekwa chupa na chungu ya mchanga. Anayekwepa hujaribu kuijaza chupa huku mpira ukimpita huku na huku. Akiijaza na kuimwaga kabla ya kupigwa, amepata alama. Wavulana wengi hudhani kwamba huu ni mchezo mwepesi, mpaka siku watakapoingia katikati.

Kuteka bendera. Mchezo huu wafaa vijana 20 au zaidi, mahali penye vichaka na mabonde madogo. Uwanja hugawanywa nusu mbili kwa kijito au njia, na kila kikosi huficha bendera yake upande wake, lakini ionekane kwa mtu aliye hatua 20 kutoka hapo. Kila mchezaji huchomeka kitambaa kiunoni nyuma, nusu ikining'inia. Akichomolewa kitambaa chake katika nchi ya adui, amekuwa mfungwa. Kitambaa chaondoa ugomvi wa kusema, 'Nilikugusa,' na mwenzake kujibu, 'Hukunigusa.' Kikosi kitakacholeta bendera ya wenzao nyumbani kimeshinda. Hapa mwenye mbio peke yake hafui dafu. Kikosi chataka walinzi, wapelelezi, na mtu mmoja wa kufikiri.

Kukumbuka. Huu umetokana na kitabu cha Rudyard Kipling kiitwacho Kim, kilichotolewa mwaka 1901. Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, aliuingiza katika mafunzo ya Skauti. Vitu vidogo 24 hutandazwa chini na kufunikwa. Vijana huonyeshwa kwa dakika moja, kisha hufunikwa tena, na kila mmoja huandika avikumbukavyo. Mkulima aweza kuugeuza uwe wa shambani: vijana watembee kimya kwa njia ya mita 200 ambayo kandokando yake yamewekwa majani ya mimea mbalimbali, mengine mazima na mengine yenye ugonjwa, na mwisho wa njia waandike waliyoyaona. Kijana asiye na mbio wala nguvu za mikono aweza kuwa wa kwanza katika mchezo huu. Yafaa basi kuuweka katika kila siku ya michezo, ili asikose yeyote nafasi ya kushangiliwa.

MAMBO YA KUANGALIWA

Mchezo hauna budi kuwa na hatari kidogo, ama sivyo kijana hautaki. Lakini ziko hatari zisizo na faida, na mpangaji wa michezo ndiye mwenye kuziondoa.

Kwanza, mtu asizungushe kamba mkononi au kiunoni ili apate kushika vizuri. Katika mji wa Taipei mwaka 1997 kamba ya kuvutana, iliyovutwa na watu zaidi ya elfu moja, ilikatika, na watu wawili wakakatwa mikono. Kamba iwe nene na isiyovutika. Kamba nyembamba ya nailoni haifai hata kidogo, kwa maana ikikatika hurudi kwa kishindo kama mjeledi.

Pili, kiwanja kitembelewe asubuhi kabla ya mtu yeyote kukimbia, yaondolewe mawe, vipande vya chupa na seng'enge, na mashimo yafukiwe. Maji safi ya kunywa yawe karibu, na kivuli pia.

Tatu, radi. Wenyeji wa Kisii na wa magharibi ya Kenya hawahitaji kuelezwa jinsi radi ilivyoua watu. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mchezo uishe mara moja, hata kama bao moja tu limebaki. Wachezaji waingie katika nyumba imara, wala wasikimbilie chini ya mti, na wasirudi kiwanjani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

MWAMUZI NI NGUZO

Jambo lililo kubwa kuliko yote halinunuliwi dukani, nalo ni haki. Vijana wa umri huu wana macho makali sana ya kuona upendeleo. Wakimwona mwamuzi akimpendelea mtoto wa nduguye hata mara moja, siku ya pili hawatakuja, au watakuja wakiwa na mawe mifukoni. Kwa hiyo sheria zisomwe kwa sauti kabla ya mchezo, na mwamuzi akiisha kupuliza filimbi asibadili neno kwa sababu ya makelele. Karani aliye likizoni Jumamosi aweza kufanya kazi njema hapa: kushika daftari, kuandika majina, muda na alama, na kubandika matokeo mahali ambapo kila mtu atayasoma.

Baada ya mara mbili tatu, vijana wenyewe wapewe filimbi. Kijana wa miaka 16 aliyelazimika kuamua dhidi ya rafiki yake mpenzi, mbele ya watu, na akaamua kweli, amejifunza jambo ambalo watu wengi wenye mvi hawajalijua.

Waswahili husema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo ni rahisi kuyasema, lakini kuyatenda kwataka mazoezi, na ni afadhali mazoezi hayo yafanywe kiwanjani, ambapo hasara yake ni vumbi katika nguo, kuliko ukubwani, ambapo hasara yake yaweza kuwa shamba, kazi au damu. Kamba moja, mpira wa matambara, bendera mbili na filimbi havimshindi mzee yeyote wa kijiji kuvipata. Kiwanja nacho kipo katika vijiji vingi, kando ya shule au ya soko. Kilindwe kisije kikaliwa kidogo kidogo na vibanda, kwa maana kikiisha kupotea, vijana watatafuta kingine, na huenda kingine hicho kisiwapendeze wazee.