Profesa Lihamba, mwongozaji aliyewapa mabinti nafasi ya kusema

UKIPITA Kiwalani saa mbili usiku, runinga nyingi zipo kwenye tamthilia, na mabinti wa sekondari wamekaa hapo hapo sebuleni na wazazi wao. Ikifika sehemu ya mapenzi baba anakohoa, mama anatafuta rimoti. Hakuna anayesema kitu.

Ukimya wa namna hiyo ndio Profesa Amandina Lihamba ameupigania jukwaani kwa miaka mingi. Wapo wanaomkumbuka kwa sura, kupitia filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Lakini kazi yake kubwa ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikofundisha sanaa za maonyesho na kuongoza michezo ya kuigiza. Alizaliwa 1944. Tamthilia yake ya Hawala ya Fedha (1980) ilitokana na hadithi ya Msenegali Ousmane Sembène, na shahada ya uzamivu aliipata Leeds, Uingereza, mwaka 1985.

Kwangu mimi ninayeandika habari za afya, utamu upo Malya, mkoani Mwanza. Mwaka 1982 na 1983 Lihamba, Penina Muhando (leo Profesa Mlama) na Eberhard Chambulikazi walikwenda kijijini hapo bila mchezo uliokwisha andikwa. Walianza kwa kuongea na wanakijiji. Moja ya matatizo yaliyojitokeza ni mimba za wanafunzi. Vijana wenyewe wakatengeneza ngoma na igizo, wakaonyesha mbele ya wakubwa zao, kisha watu wakajadiliana. Sisi wa afya tungepeleka mabango na kurudi mjini.

Mwaka 1996 yeye na Mlama wakaanzisha Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Hapa mwongozaji hampi binti maneno ya kukariri. Wasichana wanataja wenyewe kinachowarudisha nyuma: kazi za nyumbani zinazomaliza muda wa kusoma, wanaume wanaowasumbua njiani, hata mwalimu asiye na adabu. Wanakitengenezea igizo, wanaonyesha, mjadala unafuata, halafu klabu ya shule inafuatilia kilichoamuliwa. Shirika la FAWE, linalotetea elimu ya wasichana, limeupeleka mpango huo katika nchi nyingine za Afrika.

Mzazi anaweza kuona huku ni kuwafundisha watoto ujeuri. Sikubaliani. Binti aliyewahi kusema "sitaki" mbele ya shule nzima hatashindwa kumwambia hivyo dereva wa bodaboda anayempa lifti kila asubuhi. Ni kweli, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliojifungua kurudi darasani, na ni nafuu kubwa. Lakini anarudi akiwa na mtoto wa kunyonyesha, na mara nyingi bibi ndiye anayebaki naye.

Kama binti yako yupo sekondari, uliza shuleni kama klabu ya Tuseme ipo na mwalimu mlezi ni nani. Wakikualika kwenye igizo nenda, hata kama siku hiyo Simba na Yanga wanacheza.