Gari Lililofukuliwa Likajibu Tuhuma

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa uadui uliopo baina ya chumvi na chuma. Huuona kila siku. Bati la nyumba, msumari wa jahazi, fremu ya baiskeli, hata kitasa cha mlango, vyote huliwa polepole na upepo wa bahari mpaka vikawa unga mwekundu mkononi. Basi akiambiwa kwamba motokaa ilizikwa katika mchanga wa ufuoni, ikakaa humo miaka 42, kisha ikafukuliwa na kutengenezwa hata injini yake ikanguruma tena, hapana budi atauliza: kwani kilibaki nini cha kutengenezwa?

Swali hilo ni la haki, nalo tutalijibu. Lakini katika kisa cha gari hilo, ambalo jina lake ni Babs, mna jambo kubwa kuliko kuondoa kutu. Gari hilo lilizikwa likiwa na tuhuma shingoni, nayo ni kwamba lilimuua mwenyewe kwa namna ya kutisha. Kwa miaka yote hiyo watu walisema, nalo halikuweza kujibu. Wahenga walinena, msema pweke hakosi.

Asili yake ni Uingereza, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Tajiri mmoja mpenda mashindano ya magari, Count Louis Zborowski, aliyekuwa na jumba lake Higham, karibu na mji wa Canterbury, aliunda gari akalitia injini ya ndege. Injini hiyo ilikuwa ya aina ya Liberty, iliyoundwa Marekani kwa ajili ya ndege za vita. Ilikuwa na silinda 12 na ukubwa wa lita 27. Msomaji apate kulinganisha, motokaa ya kawaida ya kuendea kazini ina injini ya lita moja na nusu au mbili hivi. Nguvu za injini hiyo zilipelekwa kwenye magurudumu ya nyuma kwa minyororo miwili minene, mmoja kila upande, mfano wa mnyororo wa baiskeli.

Zborowski hakuwahi kulifaidi. Mwezi wa Oktoba 1924 alikufa katika mashindano ya Monza, Italia, akiendesha gari jingine. Ndipo gari lake likanunuliwa kwa pauni 125 na mhandisi aliyeitwa John Godfrey Parry-Thomas.

Huyu Thomas alizaliwa Wrexham, katika nchi ya Wales, mwaka 1884. Hakuwa mtoto wa tajiri aliyekuwa akitafuta mchezo. Alikuwa fundi hasa. Alipata kuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Leyland, jina walilolizoea watu wa Kenya katika mabasi na malori ya zamani. Baadaye aliacha cheo hicho akaenda kukaa Brooklands, kwenye uwanja wa mashindano, akawa analala, anaamka na kula pamoja na magari yake. Gari la Zborowski alilifumua, akalitia kabureta nne na pistoni alizozibuni mwenyewe, akalipa jina la Babs.

Mwezi wa Aprili 1926 alilipeleka Pendine, ufuo mrefu ulio kusini mwa Wales. Bahari ikitoka pale, huacha mchanga mgumu ulionyooka kwa maili nyingi, na wenye magari ya kasi waliuona kuwa ni barabara waliyotandikiwa bure. Hapo Thomas alivunja rikodi ya dunia, akaendesha kwa kasi ya maili 171 kwa saa, yaani karibu kilomita 275. Hapakuwa na mwanadamu aliyepata kwenda kasi hiyo juu ya nchi kavu.

Lakini sifa ya mbio haikai kwa mtu mmoja. Mwezi wa Februari 1927, Malcolm Campbell alikuja ufuo huohuo wa Pendine na gari lake, akaipita rikodi ile kwa maili tatu na ushei. Thomas akarudi kuitaka haki yake. Tarehe 3 Machi 1927, hali akiwa hana afya nzuri kwa homa ya mafua, alipanda Babs akaanza kukimbiza. Katika mwendo mkali gari likayumba, likapinduka, likabiringika mchangani. Thomas alikufa palepale, naye anatajwa kuwa dereva wa kwanza kufa akiitafuta rikodi ya kasi ya nchi kavu.

Mwili wake ulipelekwa Byfleet, karibu na Brooklands, ukazikwa kwa heshima penye kanisa. Ama gari, halikurudishwa. Lilichimbiwa shimo papo hapo Pendine, likatiwa ndani, likafukiwa mchanga.

Watu wakabaki na maneno. Ilienea kwamba mnyororo wa gari ulikatika ukiwa katika kasi, ukaruka kama mjeledi, ukampiga dereva shingoni. Habari hiyo ilikuwa na sifa zote zinazofanya habari idumu: fupi, ya kutisha, na rahisi kueleweka. Ikarudiwa na wazee, ikaandikwa vitabuni, hata mwenye kuitilia shaka angeonekana mbishi. Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Walakini liko lisemwalo ambalo halipo wala haliji, ila limekosa mtu wa kwenda kuangalia.

Mtu huyo alitokea mwaka 1969. Alikuwa Owen Wyn Owen, mwalimu wa uhandisi katika chuo cha ufundi cha Bangor, kaskazini mwa Wales. Pahali lilipozikwa gari palikuwa pamekwisha kuingia katika eneo la jeshi, kwa hiyo ilimbidi aombe ruhusa kabla ya kutia jembe chini. Alipoipata, mchanga ukafukuliwa na Babs akatoka juani.

Hapo aweza mtu kuuliza, je, ilikuwa adabu? Gari lililofiwa na mwenyewe, likazikwa na watu wenye huzuni, yafaa kufukuliwa? Mwandishi wa makala haya aona kwamba swali hili lastahili kuulizwa, wala halistahili kuogopwa. Kaburi la Thomas liko Byfleet, wala halikuguswa. Kilichokuwa Pendine ni chombo, kazi ya mikono ya fundi, na kazi ya fundi ndiyo ukumbusho wake. Kisha, maadamu gari lilikuwa limetuhumiwa, kulifukia milele kulikuwa sawa na kuhukumu bila kumsikiliza mshitakiwa.

Sasa tulijibu swali la kwanza: kilibaki nini? Mchanga wa ufuoni hauli chuma kwa namna moja. Chuma kinene hukiparura juu, ukaacha moyo wake. Bati jembamba hulimaliza. Na palipo na madini mawili tofauti yanayogusana, mathalan aluminiamu na chuma, maji ya chumvi hupitisha baina yao umeme mdogo usioonekana, na moja kati ya mawili huliwa kwa haraka zaidi. Hatari nyingine huja siku ya kufukuliwa. Chuma kilichokaa gizani katika unyevu, penye hewa kidogo, kikitolewa ghafla kwenye hewa na chumvi ingali ndani yake, huweza kuharibika kwa miezi michache kuliko kilivyoharibika kwa miaka mingi. Ndiyo maana fundi mwenye maarifa hupiga mbio kuitoa chumvi kabla ya kufikiria rangi.

Owen alifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka mingi, kiungo kwa kiungo. Kilichowezekana kuokolewa kilisafishwa, kikanyooshwa, kikarudishwa. Kisichowezekana kilitafutwa mfano wake au kikaundwa upya kwa kufuata kile kilichooza. Hatimaye injini ile ya lita 27 iliwashwa, na Babs akatembea tena kwa magurudumu yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na ule ushahidi? Gari lilipokuwa mikononi mwa mafundi, wakaweza kulitazama kwa macho badala ya masikio. Uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye gurudumu la nyuma, kwamba hilo ndilo lililovunjika kwanza, gari likakosa mguu, likapinduka. Majeraha ya Thomas yaelekea kuwa yalitokana na huko kupinduka. Ile habari ya mnyororo ulioruka ukamkata shingo, iliyotawala kwa zaidi ya miaka 40, haikupata wa kuitetea miongoni mwa vyuma vyenyewe. Tofauti hii si ndogo. Minyororo ilikuwa sehemu ya mpango wa gari, na kuilaumu kulikuwa kumlaumu mhandisi aliyeridhika kukaa kando yake. Gurudumu kuvunjika ni ajali iwezayo kumpata mwerevu yeyote.

Wako watakaosema kwamba gari lililobadilishwa viungo vingi namna hiyo si Babs tena. Watu wa Lamu wana jibu. Jahazi likipandishwa pwani, likatolewa mbao zilizooza, mataruma yakabadilishwa, likatiwa kalafati mpya, halipewi jina jipya. Nahodha hulijua ni jahazi lilelile la babaye, maadamu umbo, mkuku na kazi yake vimedumu, na kila ubao mpya umefuata kipimo cha ubao wa zamani. Kinachoharibu si ubao mpya. Kinachoharibu ni fundi anayelazimisha mawazo yake mahali pa mawazo ya fundi wa kwanza.

Hata hivyo, kuokoa si lazima kuwe kutengeneza. Kazi ya mwaka 1969 na ile ya Julai 2009 hazikulingana. Katika hiyo ya pili, wapiga mbizi wa Ascona, Uswisi, waliitoa Bugatti ya mwaka 1925 kutoka chini ya ziwa Maggiore, kwenye kina cha zaidi ya mita 50, ilikokaa kwa zaidi ya miaka 70. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, na upande uliolalia tope ulikuwa umehifadhika kuliko ule wa juu. Januari 2010 ilinadiwa Paris kwa euro 260,500, nayo haikutengenezwa. Iliachwa na kutu yake watu waione ilivyotoka majini. Kwetu Mombasa vilevile, merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, ilichimbuliwa na wataalamu kuanzia mwaka 1977. Vitu vyake vikapandishwa na kuhifadhiwa ngomeni, lakini kiunzi chenyewe kilipimwa, kikachorwa, kikafunikwa tena chini ya bahari, kwa kuwa kukitoa na kukihifadhi kungekuwa mzigo mkubwa mno. Almuradi kila chombo kina hukumu yake. Ushahidi wa Bugatti ni kutu yake. Ushahidi wa Babs ulikuwa ndani ya viungo vyake, nao haukuweza kusomwa bila kuvifungua.

Katika nyua za miji yetu yako magari ya zamani yaliyotelekezwa chini ya miembe, kuku wakitagia vitini. Mwenye nalo akitaka kuliokoa, asianze kwa kulipiga ufunguo. Injini iliyokaa miaka mingi, pistoni zake zaweza kuwa zimeshikana na silinda, na kuilazimisha ni kuvunja kile ambacho kingepona. Afungue plagi, atie mafuta ndani ya kila silinda, aache siku kadhaa, kisha aizungushe kwa mkono, taratibu. Petroli iliyooza aimwage, na tangi alisafishe. Mipira ya breki na nyaya za umeme asiziamini hata kidogo. Mwili wa gari auoshe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi. Na kabla ya hayo yote, apige picha na kuandika kila kilipokuwa, wala asitupe kipande kwa kuwa kimeoza, maana kilichooza ndicho kielelezo cha kitakachoundwa.

Babs huonyeshwa siku hizi katika jumba la makumbusho la Pendine, karibu na mchanga ulioimeza, na nyakati nyingine huko Brooklands alikoishi mwenyewe. Watoto huliangalia wakastaajabia ukubwa wa injini. Mtu mzima aliyekijua kisa hiki huangalia magurudumu ya nyuma.