Utangulizi: Mshauri Anawajibika kwa Nani?

Wanafunzi wa ustawi wa jamii huifikia mada ya leseni mwishoni mwa masomo, wakati akili imekwisha kuhamia kwenye ajira. Ningependa uianze mapema, na uianzie Karatu.

Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Msiba mkubwa kama ule huwaleta wafariji wa kila namna, na faraja haihitaji kibali, wala isihitaji. Ila matanga huanuliwa. Tuseme mfiwa yeyote, miezi kadhaa baadaye, bado hapati usingizi. Anamwendea mtu anayejiita mshauri nasaha, anamlipa, anamfungulia moyo, kisha anayasikia maneno yake mwenyewe sokoni. Ashitaki wapi? Taaluma nzima ya leseni imezaliwa na swali hilo.

Kwa muuguzi jibu lipo. Jina lake limo katika daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya 2010. Likifutwa hana ruhusa ya kuhudumia wagonjwa, awe katika hospitali ya Endulen au ya Muhimbili. Kenya iliwapa washauri na wanasaikolojia bodi yao kwa sheria ya 2014. Afisa ustawi wa jamii wa Tanzania amepitia mlango mwingine: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kwa kuwa yumo katika utumishi wa Serikali, na inataka awepo mahakama ya watoto inapoketi. Mamlaka hayo ni mazito. Lakini mwenzake waliyesoma darasa moja pale Kijitonyama, katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoanzishwa mwaka 1973, akiajiriwa na kituo binafsi cha kulelea watoto, haingii katika tafsiri ya sheria hiyo, ingawa watoto ni walewale na majeraha ni yaleyale.

Marekani nako kila jimbo hutoa leseni yake. Nalitaja hilo kwa sababu Karatu, mji wanakolala watalii waendao kreta ya Ngorongoro, hupokea pia wageni wa kujitolea. Wamo wenye sifa nzuri kwao, lakini leseni hizo haziteremki nao kwenye uwanja wa ndege wa KIA. Upendo wao kwa watoto siutilii shaka. Ninachouliza ni nani atawahoji wakiharibu.

Wapo pia wasuluhishi wa siku zote. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida shauri la talaka halifunguliwi mahakamani kabla Baraza la Usuluhishi la Ndoa halijashindwa kuwapatanisha wahusika. Na kabla ya baraza kuna wazee. Wasomi wenzangu huwaweka katika fungu la “wasio wataalamu”, neno nisilolipenda. Laigwanani wa Kimasai ni msemaji wa rika lake na hulijibu rika hilo, ambalo laweza kuwa kali kuliko bodi yoyote. Udhaifu wake uko kwingine: binti anayelalamikia uamuzi wa rika lenyewe hana pa kukata rufaa.

Tatizo linalonisumbua zaidi halimo katika sheria hizi. Kandokando ya Ziwa Eyasi huzungumzwa Kihadza, Kidatoga, Kiiraqw na Kiswahili. Miiko ya taaluma huandikwa kana kwamba chumbani wamo watu wawili, mshauri na mshauriwa. Mama wa Kidatoga asiyejua Kiswahili humhitaji mkalimani, na akipatikana shemeji yake tu, siri imekwisha kufika nyumbani kabla ya mazungumzo kuanza. Mkalimani huyo hana leseni wala kiapo. Sura ya nne inamhusu yeye. Ukiweza, ianze hiyo, uache zile za vifungu vya sheria zikusubiri.