Korosho moja, matabaka matatu

Mkulima wa Newala, kusini mwa Tanzania, akiishiwa unga kabla ya msimu, huuza korosho zikiwa bado maua. Mnunuzi wa kangomba humpa fedha kidogo, kisha mavuno yakiiva hurudi kuchukua magunia kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Biashara hiyo ni marufuku, lakini njaa haingoji mnada wa ushirika.

Uhusiano huu ndio Karl Marx aliouita wa kitabaka: nani anamiliki, nani anavuja jasho, ziada inaangukia mfuko wa nani. Ila ukiishia kijijini hutaona mambo yote. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania husafirishwa ghafi hadi India na Vietnam, na huko ndiko hubanguliwa, hupangwa madaraja na kupata thamani. Karibu na mwaka 1950, wachumi Raúl Prebisch na Hans Singer walieleza kwamba bei za mazao ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na za bidhaa za viwandani. Mwanahistoria Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alisema zaidi katika kitabu chake cha 1972: utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika vimezaliwa na historia moja.

Wapo wanaohitimisha hapo kwamba nchi tajiri ni bwanyenye na nchi maskini ni mvujajasho. Sikubaliani nao. Kollam, katika jimbo la Kerala nchini India, wabanguaji ni wanawake kwa sehemu kubwa, na mafuta ya ganda la korosho huunguza vidole vyao. India imepata kiwanda. Wao wamepata ujira mdogo. Nasi tuna matabaka yetu: mwaka 1976 msomi Issa Shivji alionesha kuwa utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha uliwapa maofisa wa dola nafasi ya kuwa tabaka lenye maslahi yake.

Hata hivyo, mpaka wa nchi nao una uzito wake. Kwa hesabu za mchumi Branko Milanovic, zaidi ya nusu ya tofauti za kipato kati ya watu duniani hutokana na nchi anayoishi mtu, hata awe na bidii kiasi gani.

Viwanda vingi vya kubangua vilivyojengwa kusini mwa Tanzania miaka ya 1970 vilikuja kufungwa. Tunapopanga vipya, tusihesabu tani za kuuza nje pekee. Tuulize mbanguaji atalipwa nini, na mkulima atakopa wapi mwezi ambao unga umekwisha, ili asimtafute tena mtu wa kangomba.